Chumba cha Pasaji

Mtoto wa jirani yangu alinijia wiki hii na simu mkononi. Anakwenda Uvira siku mbili kufanya mtihani wa kazi, na alitaka nimwambie hoteli gani katikati ya mji ina bei nafuu. Akanionyesha picha: vitanda, mapazia, ua la plastiki juu ya meza. Nikamuuliza mtihani unafanyika wapi na unaanza saa ngapi. Akasema hajui sawasawa, ataangalia akifika. Nikamwambia aweke simu mfukoni na aketi. Niliyomwambia siku hiyo nayaandika hapa, maana najua ninyi vijana wengine mtasafiri pia, na wengi wenu mtachagua kama yeye, kwa picha.

Mimi nilikaa kwenye meza ya mapokezi ya nyumba moja ya wageni hapa Baraka, karibu na soko, miaka ishirini na sita. Vyumba nane, baa ndogo upande wa barabara, kisima uani. Shule yangu iliishia darasa la sita. Lakini kwa miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kutazama watu wakichagua mahali pa kulala, na wengi huchagua vibaya kwa sababu huchagua wakiwa wamechoka. Aliyechoka huona kitanda tu. Haoni mlango usio na komeo kwa ndani, haoni kwamba choo kiko nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, haoni kwamba dirisha linatazama spika ya baa.

Aliyenifundisha kuona ni Mama Mwajuma, mfuaji wa shuka zetu, Mwislamu wa familia za hapa kando ya ziwa. Nilipoanza kazi nilikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na yeye alikuwa na maneno ya kututosha sote wawili. Siku ya kwanza alinipa shuka mbili zilizokunjwa akaniuliza ipi imefuliwa. Nikanusa. Zote zilinuka sabuni.

"Iko moja nilifua," akasema, "na iko moja nilipakaa tu sabuni juu ya mukunjo. Sasa nifundishe, we muntu ya masomo."

Akazikunjua mbele yangu. Moja ililegea kama kitambaa cha kupangusia meza. Nyingine ilitoa sauti, kama karatasi nene. Mama Mwajuma alikuwa akiziloweka shuka zake kwenye maji ya wanga wa muhogo kabla ya kuzianika kwenye mawe ya ziwani, na shuka ya namna hiyo hulia mara moja tu, mtu wa kwanza anapoikunjua. Baada ya hapo hainyoshi tena mgongo mpaka ifuliwe upya. Basi, mkifika mahali, ombeni kuona chumba kabla ya kulipa, na ikunjueni shuka wenyewe. Na mkipita uani tazameni kamba. Nyumba ya vyumba nane isiyo na shuka hata moja juani ina jambo la kueleza.

Mengine ni madogo. Shika ukuta chini, karibu na sakafu, sio juu: unyevu huanzia chini. Inua chandarua mbele ya dirisha, mwanga utakuonyesha matundu. Nenda chooni kwa miguu yako, usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Uliza nani atakuamsha, na umwambie akutajie jina lake. Na kama hujui pa kuanzia, usiulize watu wa pikipiki, kwa sababu wana mahali wanapopewa chai kwa kuleta wageni. Waulize bamama wanaouza samaki wakavu. Wao hulala mjini kila wiki, na hawana hela ya kutupa.

Lakini hayo yote yanakuja nyuma. La kwanza nililijifunza kwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa juu ya neno moja.

Neno hilo ni la Kifaransa, passage, maana yake kupita. Sisi tunasema pasaji. Kwa mapadri, nyumba ya pasaji ni ile nyumba safi nyuma ya kanisa ambamo mgeni aliye safarini hulala, hupewa uji asubuhi, na kuulizwa habari za parokia yake. Kwetu sisi wa hoteli, pasaji ni kukodi chumba kwa muda wa saa mbili tu. Watu wawili wanaingia, hawaandiki majina, na wanatoka kila mmoja kwa njia yake. Chumba chetu namba moja, kilicho karibu na mlango, kilikuwa cha kazi hiyo. Mwenye hoteli alikipenda kwa sababu kiliweza kupangishwa mara nyingi kwa siku. Mama Mwajuma alikichukia kwa sababu hiyo hiyo.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili. Watu wa vijiji vya kando ya ziwa walikuwa wametawanyika, wengine kwenye rasi ya Ubwari, wengine porini, wengine ng'ambo kwa Watanzania. Watu walitembea wakiulizana habari. Jioni, jua likizama, askari walifunga daraja la mto, na kizuizi chao hakikufunguliwa mpaka kesho yake jua likiwa limepanda.

Mchana mmoja akaja mzee mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu mkononi. Alipofika kizingitini alivivaa kwanza, ndipo akasalimu.

"Jambo, baba. Natafuta chumba ya pasaji."

Nilimtazama. Hakufanana na wateja wa namba moja, lakini kazi ilikuwa imenizoesha kutojali nani anafanana na nini.

"Iko," nikasema. "Mwenzako iko wapi?"

"Mwenzangu? Iko Kazimia. Na batoto batatu."

"Kazimia. Sasa atafika saa ngapi?"

"Hapana, baba, hatafika. Mi njo nitamufuata. Leo niko peke yangu."

Nilishawaona wanaume wakilipia namba moja na kungoja mwanamke asiyekuja. Aliyelipia akijua mwanamke yuko Kazimia, safari ya siku nzima kwa boti, sikuwa nimemwona. Leo najua kwamba mzee yule aliniambia kila kitu pale pale mezani. Mimi nilikuwa nimesikia neno moja, yaliyobaki yakapita juu ya kichwa changu.

Nikamtajia bei. Akashangaa.

"Ni chini kweli," akasema. "Mungu abariki hii nyumba."

Nikampa ufunguo.

Saa mbili zilipoisha, mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na mwanamke mwenye nywele za bandia, wote wawili wakitazama ukuta. Nikaenda kugonga.

"Muzee, saa yako imeisha. Kuna benye kungoja."

Akafungua. Shati lake bado lilikuwa limefungwa hadi shingoni.

"Imeisha ginsi gani, baba?"

"Saa mbili njo ulilipia."

Akanitazama, akawatazama wale wawili. Nilingoja agombe. Badala yake alichukua mfuko wake, akawaendea na kuwapa mkono mmoja mmoja. "Munisamehe," akawaambia. "Sikujua mulikuwa munangoja. Hii vita imetunyima sisi wote pa kulala." Akatoka. Yule mwanamke alibaki akiutazama mkono wake aliosalimiwa.

Mama Mwajuma aliingia kubadilisha shuka. Mara nikasikia akiniita: "Baba Sifa, kuya hapa."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, shuka mpya begani.

"Huyu muntu alifanya nini humu?"

"Nitajua mimi?"

"Angalia kitanda."

Shuka haikuwa imeguswa. Kwenye sakafu, kando ya kitanda, kulikuwa na tone la mshumaa, na mbele ya tone hilo mkeka wa kufutia miguu ulikuwa umekunjwa mara mbili, kama mtu anavyokunja kitu cha kupigia magoti.

"Nilimukuta ku kisima akichota maji, tukazungumuza," akasema Mama Mwajuma. "Ni katekista ya Lweba. Bibi yake na batoto balikimbia na boti, yeye na muguu. Bibi aliambiwa bwana amekufa. Sasa bako Kazimia, na hii wiki banavuka kwenda Kigoma. Boti ya Kazimia inatoka kesho mbele ya jua kutoka. Akiikosa, bale bamesha vuka, ataanza kubatafuta mu makambi, muntu kwa muntu. Na we umemuuzia saa mbili."

"Yeye njo alisema pasaji."

"Pasaji ya ku misioni, we. Muntu ya rozari, pasaji gani ingine? Mi ni Mwislamu na najua."

Nikamwomba akae mezani badala yangu. Nikiwa kizingitini nilimsikia akiwaambia wale wawili: "Mungoje kidogo. Chumba bado iko na sala ndani."

Jua lilikuwa limebakiwa na kama saa moja na nusu. Niliingia nyumba tatu za katikati ya mji. Zote zilikuwa zimejaa waliokimbia vita, hata kwenye veranda. Sokoni nikamuuliza mama mmoja aliyeuza muhogo mbichi.

"Ule wa viatu mu mukono? Amepita. Nilimuhurumia, nikamutuma ng'ambo ya mto kwa Mama Kashindi. Kule bei iko muzuri."

Ng'ambo ya mto. Miguu yangu ilianza kwenda mbio kabla sijaiambia.

Nilimkuta uani kwa Mama Kashindi, ameketi kwenye kibao, anaosha miguu kwenye beseni. Lazima niseme kweli, nyumba ilikuwa safi kuliko yetu, na bei ilikuwa ndogo kuliko yetu. Mama Kashindi, mjane mnene mwenye kicheko, aliponiona alifunika uso kwa kitenge. Nikajua wameshazungumza.

Mzee akasimama ndani ya maji. "Nimesahau kitu kwenu?"

"Hapana. Mi njo nimesahau. Nilisahau kukuuliza vizuri. Nimekuja unisamehe."

"Huyu mama amenieleza pasaji yenu ni kitu gani." Akashusha sauti. "Baba, niliomba Baba Yetu mu ile chumba. Mara tatu. Na Salamu Maria sikuhesabu."

"Ilikuwa inazihitaji."

Mama Kashindi akatoka uani akicheka, tukabaki sisi wawili. Mzee hakucheka, lakini aliketi tena, na uso wake haukuwa mgumu kama mwanzo.

"Rudi na mi," nikamwambia. "Hapa utaikosa boti. Inatoka mbele ya jua, na askari hawafungui daraja paka jua iwe juu."

"Nitabaomba. Bataniachia, mi ni muntu ya Mungu."

"Hawakuachii."

"Baba, nimetembea toka Lweba. Nimesha lipa. Hapa ni pasafi. Unataka nirudi kule kwa bamalaya juu ya nini?"

Hapo nilisema jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu, hata kwa Mama Mwajuma. Nilimwambia kwamba mke wangu, vita ya kwanza ilipokuwa haijatulia, alikwenda Uvira siku mbili kumpeleka dada yake hospitali. Alitafuta nyumba ya bei nafuu akaipata, safi, mbali na bandari. Asubuhi ya kurudi alitembea haraka alivyoweza, na boti ikawa imeshaondoka. Kesho yake akapanda lori kwa njia ya nchi kavu. Lori lile halikufika Baraka. Baadaye nilikwenda Uvira nikamwona mwenye nyumba. Alikuwa mama mwema, na alilia kuliko mimi. Nilipaangalia pale mahali kwa muda mrefu nikitafuta ubaya wake, nisiupate. Palikuwa mbali, basi.

Miguu ya mzee ilikuwa bado majini.

"Jina yake?" akauliza.

"Mwavita."

Akapangusa miguu, wa kushoto, kisha wa kulia, akavaa viatu. Safari hii hakuvishika mkononi. Mama Kashindi alimrudishia alicholipa bila kuombwa, akampa na mhogo wa kuchoma wa njiani. Tulivuka daraja askari wakiwa wameshashika gogo la kizuizi walishushe.

Hotelini wale wawili walikuwa wameshaondoka, na hapakuwa na nafasi isipokuwa namba moja. Mama Mwajuma alikuwa ameshaifagia, ameitandika shuka mbili mpya, na spika ya baa ameigeuzia barabara. Nilifungua daftari la wageni nikaandika jina la katekista, chumba namba moja, mpaka asubuhi. Hakuna mtu aliyewahi kuandikwa kwenye chumba hicho. Kesho yake mwenye hoteli aliuliza kwa nini mstari ule uko pale, nikamweleza yote kama yalivyokuwa, na akaninunia wiki nzima. Mama Mwajuma alisema ile ilikuwa wiki tulivu kuliko zote tulizofanya kazi.

Alfajiri nilimgongea. Alikuwa amekwisha vaa. Shuka ameikunja vizuri, na juu yake ameweka nusu ya ule mhogo, ya kwangu. Tulitembea hadi bandarini, dakika chache tu. Watu wa boti walikuwa wakiita majina ya vijiji. Alipopanda aliniambia, "Nitakuwa namutaja," na sikumuuliza nani. Boti ikashika njia ya kuzunguka Ubwari. Nilisimama pale mpaka mlio wa mota ukapotea, kisha nikarudi kazini.

Habari yake haikuja. Niliwauliza watu wa boti mwaka mzima, na uliofuata: mzee wa Lweba, katekista, hupenda kubeba viatu. Mmoja alisema boti ile ilifika salama. Mwingine alisema wengi walikuwa wameshavuka kabla haijafika. Nilichagua kumwamini wa kwanza, lakini siku nyingine nilimwamini wa pili.

Ila kazi yangu ilibadilika. Tangu siku ile, mtu akija mezani sikuanza na bei wala na kitanda. Nilimuuliza: "Kesho unatokea wapi, saa ngapi?" Anayepanda gari la Fizi nilimtuma nyumba iliyo karibu na maegesho ya magari. Waliokuja na ng'ombe wa kuuza kutoka Minembwe niliwapa jina la Mama Kashindi, kwa sababu ana uwanja mkubwa na hawaondoki mapema. Mwenye hoteli alisema ninawalisha washindani wake. Nikamjibu kwamba watarudi. Baadhi walirudi, wengine hawakurudi, na huo ndio ukweli. Na aliyetamka neno pasaji nilimuuliza polepole, awe nani, hata akiwa mlevi: "Ya masaa, ao ya kulala?"

Hilo ndilo nililomwambia mtoto wa jirani. Chagua kwa asubuhi utakayotoka, usichague kwa jioni unayofika. Ukishajua mtihani uko mtaa gani, tafuta nyumba ambayo kutoka hapo unafika kwa miguu hata mvua ikinyesha na pikipiki zikikosekana. Ndani ya duara hilo sasa tafuta bei, na ndani ya bei tafuta shuka inayolia. Alipiga simu pale pale mbele yangu kuuliza mahali pa mtihani. Palikuwa upande mwingine wa mji, mbali na ile hoteli ya ua la plastiki.

Naongeza jambo moja, kisha niwaache.

Vita vilipotulia nilikuwa bado mezani. Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, na Mama Mwajuma alikuwa ameacha kufua, anakuja tu kuwagombeza wafuaji wapya. Siku moja kabla ya mchana akaingia binti wa miaka ishirini na kitu, mfuko wa muuguzi begani.

"Jambo, baba. Natafuta chumba ya pasaji."

Nikashika kalamu. "Ya masaa, ao ya kulala?"

Akaanza kucheka, akafunika mdomo. "Baba alisema niseme hivi hivi, halafu niangalie uso yako. Mi ni Asende. Mutoto ya kwanza ya katekista."

Nilikaa. Nilikuwa nimeketi tayari, lakini nilikaa tena.

"Iko muzima?" nikauliza.

"Iko Lweba. Miguu imechoka, kutembea hapana tena. Alitukuta Kazimia siku mbili mbele ya kuvuka. Mama alimuona anashuka mu boti na viatu ku miguu, akasema huyu hapana bwana yangu, bwana yangu anabebaka viatu." Alicheka tena, kisha akatulia. "Tulivuka sisi wote. Tulikaa ku kambi, tukarudi sisi wote."

Akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kuuliza.

"Baba, iko jina moja. Kule kambini, kila siku ya kuombea marehemu, baba alikuwa anasoma majina ya bantu yetu. Babu, bibi, bajomba. Na kila mara Mwavita. Sisi batoto tulizania ni shangazi yetu. Tulikuwa tunamuombea kila mwaka. Juzi tu njo nilimuuliza, akasema nikifika Baraka nikuulize we."

Nilifungua daftari nikaandika jina lake, chumba namba tano, cha nyuma, kinachotazama ziwa. Mstari ule hadi leo umepinda.

"Kesho unatokea wapi, saa ngapi?" nikamuuliza.

"Hapa hapa. Gari ya Fizi itanichukua saa ine."

"Saa nne si mapema."

"Hapana, baba." Akavuta kiti, akaweka mfuko chini. "Sasa huyu shangazi, alikuwa muntu ya namna gani?"

Nikafunga daftari. Tulikuwa na wakati, nikamwambia.